Ukumbi wa Mashine Una Baridi

Marsabit, 12 Januari 2025

Tata Wacera,

Sasa, Tata? Natumaini miguu imepoa na kwamba mlikula Krismasi vizuri bila mimi, mtoto wa dada yako. Huku upepo unaweza kukuvua kitambaa kichwani mchana kweupe na usikuombe radhi. Wanafunzi wangu wa chuo wamerudi. Nusu yao hawajafanya kazi ya likizo, na kila mmoja ana msiba wa kuelezea. Mpe Shirleen pongezi zangu. Kwa hivyo ni kweli, binamu yangu anaolewa na Kyalo, mtoto wa Daktari Mutunga! Nimecheka peke yangu kwenye kitanda. Mtu huyo ni msimamizi wa masomo yangu, ni bosi wako pale kwenye taasisi, na sasa anakuwa mkwe wako. Haki amebakisha tu kuwa askofu wetu.

Naandika kwa karatasi kama ulivyosema, na kondakta wa basi ataileta. Najua simu yako Shirleen ndiye huifungua, na barua pepe za taasisi Daktari huzisoma kabla ya wenyewe.

Sasa neno langu. Unajua mwaka jana mimi na Nzilani tulivyotembea kando ya Mto Ngong kule Mukuru, tukipima mwinuko wa ardhi mstari kwa mstari wa nyumba, watu wakituuliza kama tumekuja kubomoa. Nzilani bado anaishi mstari wa kwanza, mlango wake unatazama maji. Nikimfikiria, mtu aliyenilea na kunibeba mgongoni Mami alipofariki, analala pale masika yakija, chakula hakipiti. Chifu amekubali kuhamisha watu kabla ya mvua, lakini anataka ramani ya mahali maji yatakapofika. Anasema bila ramani kila mtu atadai nyumba ya jirani ndiyo iko hatarini.

Ramani hiyo haitoki kwenye laptop yangu. Nilijaribu, ikapata moto ikazima. Inataka klasta yenu pale Industrial Area, zile kompyuta zilizofungwa pamoja zigawane hesabu moja. Niliituma kazi kabla ya Krismasi. Kila asubuhi naingia, nakuta neno lile lile: inasubiri. Za wengine zimefichwa, kwa hivyo sijui niko nyuma ya nani. Daktari ananiambia nivumilie, foleni ni ndefu.

Tata, masika ni Machi. Wewe ndiye unashika hiyo mashine. Nisukumie mbele hata kidogo tu.

Mtoto wako,
Nyawira


Buruburu, 26 Januari 2025

Wewe Nyawira,

Miguu iko. Inauma, lakini iko. Mjomba wako Wanyoike anakusalimu kutoka kwenye bucha yake ya soko la Burma, na anasema ukirudi umekonda hatakuuzia nyama, atakupa bure kwa sababu ya aibu. Shirleen hashikiki. Ananifundisha rangi. Nimeambiwa kuna rangi inaitwa shampeni. Mimi nilikuwa naijua kama chai iliyozidishwa maziwa, na nimeambiwa ninyamaze.

Nikusukumie mbele? Kwani hii ni foleni ya kinyozi? Nimeshika mashine tangu zile za zamani zilizokuwa zinajaza chumba kizima, na sijawahi kumsukuma mtu. Nikikusukuma wewe leo kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu, kesho nitamsukuma mtoto wa askofu, na keshokutwa mwenye bahasha. Huo ndio uchafu ambao umejaza kila ofisi ya mji huu, na mimi sitauleta kwenye ukumbi wangu. Usiniombe tena.

Lakini nimefungua kazi yako nikaitazama. Ngai! Umeomba viini mia mbili kwa wiki nzima! Kiini, kama umesahau, ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu moja kwa wakati mmoja, na vyote tulivyo navyo tunagawana. Hesabu yako nimeikadiria, ni ya saa chache. Wiki nzima ya nini? Najua utasema unaogopa muda ukiisha mashine itaikata kazi katikati. Kila mtu hapa anaogopa hivyo, kwa hivyo kila mtu anaomba mara kumi ya anachohitaji, kisha wote wanakaa wakilia kwamba foleni haisongi.

Simama kwenye jiko la Wanyoike siku ya Jumapili. Kuna mtu ameagiza mbuzi mzima. Wavu hauna nafasi ya mbuzi, kwa hivyo Wanyoike anaacha nafasi ijikusanye kadiri wengine wanavyotoa nyama zao. Wakati huo kuna pembe ya makaa iko tupu. Akija mtu wa maini akasema ni dakika chache tu, na ni kweli, anawekwa pale pembeni, yanaiva, anaenda zake, na mbuzi hajacheleweshwa. Lakini mtu wa maini akisema, nipe wavu mpaka jioni, huenda yakakawia kuiva, huyo atangoja nyuma ya mbuzi. Programu ya foleni inafikiri hivyo hivyo. Wewe una maini mkononi na umeomba wavu mpaka jioni. Ikate hesabu yako vipande vipande, na useme ukweli wa muda.

Kuna jambo lingine sijalielewa. Kwa sheria yetu, mradi uliokula sana unarudishwa nyuma ya foleni, na ule ambao haujala unasogezwa mbele. Mradi wako wa mafuriko haujaonja hata mfupa. Ungekuwa mbele kabisa. Nitaangalia.

Halafu ukumbi una baridi. Skrini inasema mashine imejaa, kila kiini kina mwenyewe. Mashine ikifanya kazi, feni zinanguruma mpaka tunapigiana kelele, na mimi huvua sweta. Wiki hii nimevaa shali, na kalamu ikianguka naisikia. Imejaa nini, basi?

Tata yako,
Wacera


Marsabit, 10 Februari 2025

Tata,

Nimepokea. Nimesoma hiyo ya maini kwa sauti darasani, wanafunzi wakaelewa kuliko walivyonielewa mimi muhula mzima. Huku tumepata maji ya bomba kwa wiki moja, tukasahau adabu, sasa yamekatika tena. Waambie Shirleen na Kyalo kwamba nimeona picha. Yule kijana ana macho ya upole, hajafanana na babake.

Nimefanya ulivyosema. Nimeukata mto vipande, kila kipande kina hesabu yake fupi, kila moja nimeiombea saa moja, na viini vichache. Nilidhani zitapenya siku hiyo hiyo. Hakuna hata moja iliyoingia. Sababu inayoandikwa ni kwamba wengine wana kipaumbele kuliko mimi. Nani hao? Mimi sijala kitu, wewe mwenyewe umesema. Naona kama nimesimama mlangoni pa karamu, bawabu ananiambia nimeshiba.

Nilimpigia Nzilani Jumapili. Amepaka nyumba rangi! Ametia na kizingiti cha simiti mlangoni, cha kuzuia maji, ananionyesha kwa video kama mtu aliyejenga ghorofa. Nilimwambia hama tu, nenda kwa Tata Buruburu. Akanijibu, "Mimi nikitoka peke yangu, hawa wengine watasema nimepata mume. Niletee hiyo karatasi yako niwaonyeshe, tutatoka wote." Ndivyo alivyo. Nilikata simu nikalia kidogo, kisha nikaenda kusahihisha mitihani.

Daktari nilimpata kwa simu pia. Anashauri nipunguze eneo, nifanye daraja moja tu la mto, itatosha kwa digrii. Digrii! Nilitamani kumtapikia sikioni.

Ule ukumbi bado una baridi? Uliangalia?

Nyawira


Buruburu, 27 Februari 2025

Mpenzi Nyawira,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Ruracio, siku ya mahari, imepangwa Juni. Kwa kuwa marehemu Baba Shirleen hayupo, Wanyoike ndiye atasimama mahali pake, na tayari ameanza kutembea kama mzee wa baraza. Itafanyika hapa hapa nyumbani, kwenye uwanja tunapoegesha magari, na majirani wamekubali kuyatoa. Daktari Mutunga ameleta ujumbe kwamba watakuja watu sitini. Sitini! Tumeagiza hema na viti, Wanyoike ametafuta mbuzi Kiserian, na wamama wa kanisa wanafanya mazoezi ya zile nyimbo za getini za kuwazuia wageni. Shirleen ana furaha mpaka anaosha vyombo bila kuambiwa.

Nimeshonewa nguo, si mbaya. Mvua haijaanza.

Kuhusu ile foleni, vumilia kidogo.

Siku hizi siingii sana kwenye ukumbi. Baridi yake inaniumiza mifupa.

Tata Wacera


Marsabit, 9 Machi 2025

Tata,

Sikusalimu. Utanisamehe au usinisamehe.

Nimesoma barua yako na kuigeuza nyuma nikitafuta jibu langu. Viti, hema, mbuzi, nguo. Halafu "vumilia kidogo". Wewe? Wewe uliyenichapa kwa mwiko kwa sababu nilivumilia kuonewa shuleni? Barua ya Januari ilikuwa na moto, ikaniahidi utaangalia. Hii ya pili ni uji wa mgonjwa. Uliangalia, ukaona kitu, na sasa unanilisha habari za nguo.

Huku mawingu yameanza kukusanyika, na wenzangu wa hali ya hewa wanasema kwenu yatatangulia. Kazi zangu bado zinasubiri. Chifu amenipigia mara mbili, mara ya pili sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga faili. Nzilani yuko kwenye mstari wa kwanza na kizingiti chake cha simiti, na watoto wa jirani zake wanaogelea mtaroni, na kinachotakiwa ni hesabu ya saa chache. Saa chache, Tata! Kuna mtu ana mashine nzima.

Kama unaogopa harusi, niambie kwa mdomo wako kwamba unaogopa harusi. Hilo nitaweza kulielewa hata kama litanichefua. Usinizungushe. Mimi si mgeni wa getini.

Na kwenye ruracio usiniwekee kiti.

Nyawira


Buruburu, 22 Machi 2025

Nyawira mtoto wangu,

Nimeamka, miguu inauma, Wanyoike hajambo, Shirleen hatujasemezana tangu jana. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini.

Niliangalia. Siku chache tu baada ya kukuandikia ile barua ya kwanza nilizifungua zile kazi zilizojaza mashine. Nilitarajia kukuta hesabu, hata kama ni ya kipuzi. Ndani mna mstari mmoja: lala. Basi. Kazi inashika viini vyake, inalala, muda ukiisha inajirudisha kwenye foleni, inashika tena, inalala tena. Karibu klasta nzima, Nyawira, imeshikwa na kazi zinazolala. Umeme unaliwa, watu wanasubiri, na hakuna kinachohesabiwa. Ndiyo maana ukumbi ulipoa. Nilisikia kinyaa kama mtu aliyefunua sufuria ya chakula cha wageni akakuta mende wametangulia.

Halafu nikatazama zimeandikwa mradi gani. Wako. Daktari Mutunga ndiye amezituma, kwa mradi wa mafuriko, na kwa kibali chake cha bosi zenyewe zinapita bila kupanga foleni. Kila saa zilipolala, wewe ndiye umehesabiwa umekula. Programu ya foleni haina macho, inasoma tu nani amekula kiasi gani, na ilikuwa inakuona wewe kama mlafi mkubwa kuliko wote. Ndipo kila ulipoleta kipande chako kidogo cha kweli, ikakirudisha nyuma, kwa haki kabisa. Aliitumia sheria yetu ya haki kukunyima haki. Nimefanya kazi na wezi wengi, lakini huyu amenitia kichefuchefu cha aina yake.

Nilimwendea ofisini. Akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Mama Shirleen, wafadhili wanakuja Machi. Wakikuta mashine iko nusu tupu, watatuuliza tunataka kubwa zaidi ya nini. Na mradi wanaoupenda ni huo wa mafuriko. Ukionekana unatumia sana, ni sifa kwa Nyawira."

Nikamwambia Nyawira hajaendesha kitu.

"Ataendesha. Aprili, wakishaondoka."

Nikamwambia mvua haisomi kalenda ya wafadhili. Akacheka, akanisogezea sukari. "Sisi sasa ni familia," akasema. "Mambo ya familia hayapigiwi kelele ofisini." Ile chai niliitema kwenye chungu chake cha maua nilipokuwa natoka, na natumaini ua limekufa.

Lakini nikanyamaza. Nilimtazama Shirleen akiosha vyombo huku akiimba, nikanyamaza. Uliandika kwamba nikiogopa harusi niseme. Niliogopa harusi. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na nikaona aibu mbele ya sufuria zangu.

Wafadhili walikuja juzi. Daktari aliwapanga kwenye chumba cha vioo mbele ya skrini kubwa, grafu ya matumizi iko juu kama ukuta, na mradi wa mafuriko umeandikwa kwa rangi ya samawati. Anaeleza jinsi mashine isivyopumzika usiku na mchana kwa ajili ya maskini wa Mukuru. Wageni wamevaa makoti yao, wanasugua mikono kwa baridi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya nyuma. Nikaandika amri moja, nikazifuta zote zilizolala.

Grafu ikaanguka mpaka chini. Daktari alikuwa katikati ya sentensi. Akageuka kunitazama kupitia kioo, na mimi nikamtazama. Kwenye foleni hakukuwa na mtu wa kukuzuia tena, Nyawira. Sikukusukuma. Vipande vyako viliingia vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kisha vya kijana mmoja anayetafiti dawa za mahindi, kisha vya watu ambao sikujua hata kwamba walikuwa wanangoja. Feni zikaanza kunguruma. Ilikuwa sauti niliyoikosa mpaka nikasikia machozi. Baada ya muda mfupi wageni wakaanza kuvua makoti.

Na unajua Daktari alisema nini? Nilisoma midomo yake, na katibu wake amenithibitishia. Alisema, "Sasa mnaiona ikifanya kazi." Wakapiga makofi! Ptuu!

Hesabu zako zilikamilika jioni ile ile. Ukiingia utaziona, itengeneze ramani sasa hivi, nitumie kwa simu ya Wanyoike, si yangu. Ataichapisha kubwa, nami nitampelekea Nzilani na chifu kwa mkono wangu. Shirleen nimemweleza yote. Amejifungia chumbani. Mimi nimepewa likizo ya lazima, barua ina muhuri na inasema nimefanya kazi kwa bidii.

Tata yako,
Wacera


Marsabit, 4 Mei 2025

Tata wangu,

Natumaini likizo haijakuua kwa kuchoka. Huku mvua imenyesha, ngamia wana furaha, na mimi nimeumwa mafua. Nilikuhukumu vibaya, kisha nikakuhukumu sawasawa, kisha ukanishinda. Sijui niandike nini hapo, kwa hivyo naendelea.

Nzilani amenieleza yote. Chifu alipeleka pikipiki yenye kipaza sauti mara moja tu akaona inatosha. Nzilani ndiye aliyeikunja ramani chini ya kwapa akaingia nyumba kwa nyumba. Ramani ilisema maji yatafika mstari wa nne. Nzilani aliitazama, akasema, "Huyu mtoto hajawahi kuona takataka zinavyoziba daraja," akawaamsha na mstari wa tano. Alikuwa sahihi. Daraja liliziba na maji yakapanda mpaka wa tano. Sikuwa nimeweka takataka kwenye hesabu. Nyumba yake imekwenda yote, rangi na kizingiti. Lakini watu wote wa mistari ile walikuwa wametoka, Tata. Wote. Nilimfanya anirudie hilo neno mpaka akanitukana.

Jana nikamsikia Daktari kwenye redio. Sauti ile ya sukari. Anasema taasisi yake ilitoa saa nyingi za mashine zisizo na kifani kwa ramani ya Mukuru, miezi mitatu mfululizo bila kupumzika. Mtangazaji akasema Mungu ambariki. Saa zile za kulala, Tata! Ndizo anazozihesabu! Nilizima redio nikaenda nje kutema mate, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nina mimba.

Inasemekana mashine mpya italetwa mwakani.

Na wewe bado utampokea? Utampa chakula? Shirleen afanye anavyotaka, Kyalo si yeye, hilo najua. Lakini mimi siwezi kukaa meza moja na mtu huyo. Nitatapika juu ya mbuzi wa Mjomba.

Nyawira


Buruburu, 16 Juni 2025

Nyawira,

Salamu kutoka nyumba inayonuka moshi. Miguu imevimba kwa kusimama. Wanyoike amepoteza sauti. Shirleen na Kyalo wako sebuleni wanagombania shuka, kwa hivyo jua mambo ni mazuri.

Kyalo alikuja peke yake mwezi uliopita. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamenya viazi vyangu vyote bila kuambiwa, na alipomaliza akasema, "Mama, nimeambiwa. Sijui niseme nini." Nikamwambia ameshasema. Shirleen akatoka chumbani. Hayo mengine hayakuhusu.

Basi Jumamosi ndiyo siku. Wanyoike alikuwa amewasha makaa tangu alfajiri, mbuzi, mukimo, wali, chapati, sufuria za kukopa kanisani, kila kitu kwa watu sitini kama tulivyoambiwa. Viti sitini vina vitambaa vya rangi ile ya chai. Asubuhi ikanyesha, nje ya geti pakawa tope tupu. Magari yao yakafika, wakashuka, na wamama wetu wakafunga geti wakaanza kuimba, kama desturi. Wageni nao waimbe, waombe, mpaka wakubaliwe. Mimi nikachungulia kwenye upenyo.

Walikuwa kumi na mmoja.

Nyawira, nilihesabu mara ya pili nikidhani wengine wamejificha nyuma ya gari. Kumi na mmoja! Aliomba viti sitini ili tuone ukoo wake ni mkubwa. Wavu mzima, mpaka jioni, na mkononi ana maini. Nilisikia ile baridi ya ukumbi ikinipanda mgongoni mchana ule.

Wamama wakataka kufungua, nikawaambia waimbe tena. Daktari alikuwa mbele, suti ya kijivu, viatu vinazama. "Mama Shirleen," akaniita kwa ule upenyo, "tufungulie, tumesimama sana." Nikamwambia foleni ni ndefu, avumilie. Nyimbo ziliendelea, zote tulizofanyia mazoezi na nyingine mbili za kwaya.

Wakati huo nilikuwa nimemtuma Wanyoike kwa mlango wa nyuma na pikapu ya bucha. Wale watu wa mto bado wanalala kwenye ukumbi wa kanisa, unajua, wanangoja chifu awape pa kwenda. Pikapu ilienda na kurudi, ikaenda na kurudi. Waliingia kupitia kwa jirani, wamama, wazee, watoto wa shule wamevaa yunifomu kwa kuwa ndiyo nguo iliyobaki. Nikawaketisha kwenye vile vitambaa. Walipokwisha kukaa vikabaki viti kumi na kimoja, hapa kimoja, pale kimoja, popote. Ndipo nikafungua geti.

Hakukuwa na meza ya wakubwa. Hapakuwa na nafasi. Daktari alitafuta kwa macho, akakosa, akakaa pembeni kati ya mzee mmoja asiye na meno na mtoto mwenye uji kwenye mashavu. Koti alilivua kwa joto la jiko. Viatu vyake na suruali vilikuwa tope mpaka magotini. Watu wakala, Nyawira. Kulikuwa na kelele mpaka tulipigiana mayowe, na mimi nilivua sweta.

Nzilani alikataa kukaa, alikuwa anagawa nyama. Hajawahi kumwona Daktari maishani. Alifika pale pembeni akamkuta ameshika sahani tupu, akamsikia akimwambia yule mtoto kitu kwa Kikamba, lugha yake yeye pia. Akasimama. Akamtazama viatu, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwekea maini, yale mazuri ya katikati.

"Pole, baba," akamwambia. "Kula, usione haya, sisi wote tuko hivyo. Nyumba yako wewe ilikuwa mstari gani?"

Nilisogea karibu na sufuria nisikie atajibu nini. Watu wa meza ile wakamgeukia pia, wakingoja, kwa sababu hilo ndilo swali wanaloulizana siku hizi kabla ya jina. Akainamisha kichwa, akala.

Tata yako,
Wacera